Muziki mgeni hauhukumiwi kwa kusikilizwa mara moja

KUTOKA BARAZANI, na Mwana Baraza

Machi 31, 1913, waungwana wa Vienna walichapana makofi ndani ya ukumbi wa muziki. Hawakugombea siasa wala mwanamke. Waligombea nyimbo za Alban Berg, mwanafunzi wa mtunzi Arnold Schoenberg, ambazo masikio yao hayakuwa yamezizoea. Onyesho likavunjika kabla ya kipande cha mwisho.

Aliyeongoza okestra usiku ule alikuwa Schoenberg mwenyewe. Mwaka 1918, vita kuu imekwisha na mji una njaa, akaanzisha chama cha kusikiliza muziki mpya. Waliingia wanachama peke yao, na wahakiki wa magazeti walifungiwa mlango. Kupiga makofi marufuku, kuzomea marufuku. Ratiba haikutangazwa, ili mtu asibaki nyumbani kwa kuwa hampendi mtunzi fulani. Kipande kigumu kilirudiwa. Hadi mfumuko wa bei ulipokiua chama hicho mwishoni mwa 1921, kilikuwa kimefanya maonyesho 117, na vipande 154 vilikuwa vimepigwa mara 353. Piga hesabu: kwa wastani, kila kipande kilisikika zaidi ya mara mbili.

Nayasema haya kwa sababu vijana wanaotaka kuanzisha klabu ya kusikiliza muziki wa majaribio huanza na habari ya spika. Za wati ngapi, nani atanunua, zitakaa kwa nani. Spika zitapatikana. Andikeni kanuni kwanza.

Muziki huu hauna adabu ya redioni. Pengine hauna mdundo, pengine hakuna anayeimba, pengine umeundwa kwa mlio wa jenereta na kelele za stendi. Ukiusikia peke yako kwenye simu, kidole kinauruka hata dakika haijaisha. Ukikaa na wenzako sita, unaona haya kuinuka, na katika kuona haya huko unajikuta unasikiliza. Faida ya klabu ni hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya, akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya pepo ya kina mama wa Cairo. Alichokinasa akakipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akapunguza sauti hii na kukuza ile, mpaka uimbaji ukageuka mvumo. Pierre Schaeffer wa Paris, anayesifiwa kuwa baba wa muziki wa namna hiyo, alitoa kazi zake za kwanza miaka minne baadaye. Na ngoma za pepo hakuna haja ya kumweleza msomaji wa Pwani.

Karibu zaidi, tazama muziki wa singeli. Wenye hadhi Dar es Salaam waliiita kelele za uswahilini na muziki wa wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Mburahati, na midundo ile inayopita 200 kwa dakika ikaanza kusikilizwa kwa makini na wapenzi wa muziki wa majaribio huko Ulaya. Sisi ilikuwa ikitupigia dirishani kila Jumamosi, na hatukuikalia kitako.

Kwa jioni ya kwanza napendekeza albamu ya Peel ya mwaka 2020, ya mtunzi KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwimbaji mkongwe Joseph Kamaru. Kipande chenye jina la albamu kinapita dakika 20. Humo hakuna ngoma wala maneno; kuna mvumo unaotanda taratibu, tabaka juu ya tabaka. Simu ziwekwe kapuni. Kikiisha, kila mmoja ataje kitu kimoja alichokisikia: mlio gani, uliingia lini, ulipotelea wapi. "Nimekipenda" na "sikukipenda" zisubiri. Wiki inayofuata kipigwe tena, kabla ya kipande kipya.

Marufuku ya makofi, tukiiazima Vienna, itatusumbua sisi tuliolelewa na taarabu, ambako msikilizaji huinuka kwenda kutuza wimbo ungali njiani. Ivumilieni. Anayetuza amekwisha kutoa hukumu, na hapa hukumu bado. Waandishi wa safu, nami nikiwamo, tufungiwe nje kama walivyofungiwa wa Vienna; tuna haraka ya kupata la kuandika.

Basi tafuteni watu saba, spika moja na saa moja kwa wiki, na kanuni zibandikwe ukutani. Atakayesikiliza kipande mara tatu na bado akakiita kelele, amepata haki ya kusema hivyo, na wenzake wana wajibu wa kumsikiliza.