Aangukaye Majini Usiku Atasikiwa na Nani?

Ndugu zetu wa Busia na Malaba wanajulikana kwa malori ya mpakani kuliko kwa mashua. Hata hivyo kaunti ya Busia inafika Ziwa Viktoria, na huko Port Victoria na Sio Port wanaume huingia ziwani usiku kuvua omena kwa taa. Akianguka mmoja gizani, simu yake hulowa, na wenzake huenda wasimwone hata akiwa karibu.

Jaketi la kuokoa maisha ndilo la kwanza, wala hatulibadilishi kwa kifaa chochote. Lakini jaketi humwelesha mtu tu, haliiti msaada. Vifaa vidogo vya kuita msaada, vinavyofungwa katika jaketi, ni vya namna mbili. Vya AIS huvitangazia vyombo vilivyo maili chache tu, navyo sharti viwe na mtambo wa kupokea. Kwa kijana wetu aliyeajiriwa katika meli kubwa ni chaguo jema, kwani meli yake mwenyewe ndiyo itakayomsikia na kugeuka. Mashua ya mbao kwa kawaida haina mtambo huo. Vya namna ya pili hutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406, ambayo hupokewa na setilaiti za Cospas-Sarsat na kufikishwa katika vituo vya uokoaji. Kwa mvuvi wa ziwani twapendelea hivi, ingawa bei si ndogo na msaada huenda ukatoka mbali.

Kanuni nazo zimebadilika. Tangu 1 Februari 2009 setilaiti haziyasikilizi tena masafa ya zamani ya megahezi 121.5, basi kifaa cha mtumba chenye masafa hayo pekee hakifiki mbinguni. Na tangu 1 Julai 2022, boya la dharura linalofungwa upya katika meli zilizo chini ya mkataba wa SOLAS hutakiwa kuwa na njia zote mbili, setilaiti na AIS. Kanuni hiyo haimhusu mvuvi mdogo.

Linalotuhusu sisi wa nyumbani ni usajili. Kila kifaa cha 406 kina namba yake, na ndani yake mna alama ya nchi. Kikinunuliwa ng'ambo bila kurekebishwa na kusajiliwa upya, habari za mwenyewe zitatafutwa katika nchi nyingine. Usajili huandikwa pamoja na simu za jamaa, na kituo kikipata ishara huwapigia: je, kweli yuko majini? Alitokea bandari gani? Chombo chake cha rangi gani, na wako wangapi?

Kwa hiyo, akina mama, kabla fedha haijatoka ulizeni alama ya nchi na mwaka wa betri kuisha. Laini ikibadilishwa, usajili nao ubadilishwe. Na namba itakayoandikwa iwe ya simu inayolala ikiwa imewashwa karibu na kitanda, si ile ya dukani inayozimwa baada ya Isha.