Tuonyeshwe mkataba kwanza, maji baadaye

Wewe uliyeamka saa kumi alfajiri kusikiliza kama mfereji umeanza kukohoa, makala haya ni yako. Uwe unaishi Pipeline, Kayole, Githurai au Nyalenda kule Kisumu, mambo ni yale yale. Siku ya mgao ikikupita, unamngoja kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya manjano. Mtungi wa lita 20 ni mbao. Bomba likipasuka mahali, unaambiwa ni hamsini, na huna wa kubishana naye kwa sababu muuzaji mwingine hayupo.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Lita 1,000 ni mitungi 50. Kwa mbao kila mtungi, umelipa shilingi 1,000. Jirani yako mwenye bomba na mita ndani ya nyumba analipa makumi ya shilingi kwa maji hayo hayo. Yaani wewe wa keja ya chumba kimoja ndiwe unayelipa bei ya tajiri, na yeye analipa bei ya maskini.

Tumeanza na hesabu hii kwa sababu kila serikali inapotaja ubia na sekta ya kibinafsi katika maji, mjadala huwa mmoja: wengine wanalia kwamba maji yanauzwa, wengine wanasema mwekezaji ndiye mwokozi. Ukweli ni kwamba kwako wewe maji yaliuzwa kitambo. Mwenye mkokoteni ni sekta ya kibinafsi. Mwenye boza ni sekta ya kibinafsi. Landilodi aliyechimba kisima na kukuuzia maji ya chumvi pia ni sekta ya kibinafsi. Tofauti ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetia sahihi mkataba wowote na wewe, na hakuna anayepima kama maji yao ni safi.

Kwa hivyo swali si kama wafanyabiashara waingie au wasiingie. Swali ni wanaingia kwa masharti gani, na nani ameyasoma.

Ubia unaweza kufaulu. Kule Kisumu, kampuni ya maji ya KIWASCO ilichoka na mabomba yaliyounganishwa kiholela huko Nyalenda. Ikaamua kuwauzia maji kwa jumla na kwa bei nafuu vikundi na watu wa mtaa wenyewe. Hao ndio wanaotandaza mabomba madogo hadi kwenye ploti, kusoma mita na kukusanya pesa. Maji yakiibwa, hasara ni yao, basi wanalinda bomba kama mboni ya jicho. Huko Mathare, mwaka 2015, kampuni ya maji ya Nairobi ilishirikiana na kampuni ya Grundfos ya Denmark kuweka mashine za kuuza maji kwa kadi, lita 20 kwa senti 50. Linganisha hiyo na mbao.

Choo nacho tusikisahau, maana watu hupenda kuongea kuhusu maji wakanyamaza kuhusu yanakoishia. Mitaa mingi ya mabanda haina bomba la maji taka, na kulichimba katikati ya mabati yaliyosongamana si kazi rahisi. Katika Mukuru, kampuni ya Sanergy ilianzisha vyoo vya Fresh Life, ambavyo kinyesi hukusanywa kwenye vyombo, kikaondolewa na kugeuzwa mbolea. Kazi hiyo haikungoja bomba.

Lakini ubia unaweza pia kugeuka balaa, na huhitaji kwenda mbali kuona. Mwaka 2003 Dar es Salaam iliikabidhi kampuni ya City Water kazi ya kusambaza maji, kwa mkataba wa miaka 10. Wabia walikuwa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania. Kufikia Mei 2005 mkataba ulikuwa umevunjwa. Serikali ilisema kampuni haikutimiza ahadi zake. Kampuni ikasema ilipewa taarifa zisizo sahihi kuhusu hali ya mtandao wa maji. Kesi zikaenda hadi mahakama za usuluhishi za kimataifa. Mwaka 2008 moja ya mahakama hizo iliona kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, lakini haikumpa fidia hata shilingi. Miaka yote hiyo mawakili wakibishana, mama wa Manzese alikuwa bado amebeba ndoo.

Sasa turudi kwetu. Kaunti ndizo zenye jukumu la kusambaza maji, na nyingi hazina chapaa za kujenga mabwawa na mitambo. Serikali kuu nayo imelemewa na madeni. Ndiyo maana mwekezaji anaonekana mtamu: anakuja na pesa zake, anajenga, kisha anauzia kampuni ya kaunti maji kwa jumla kwa miaka 20 au 30.

Hapo ndipo unapaswa kufungua macho. Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotiwa kwenye mabomba ya kampuni zetu nchini huwa hayalipiwi. Mengine yanavuja, mengine yanaibwa na magenge ambayo baadaye yanakuuzia wewe. Chukua mfano huu. Kampuni ya kaunti inanunua mitungi 10 kutoka kwa mwekezaji kwa shilingi 3 kila mmoja. Imelipa shilingi 30. Minne inapotea njiani. Inabaki sita ya kuuza, na ili tu irudishe pesa yake, lazima kila mtungi uuzwe shilingi 5. Na kama mkataba unasema kaunti italipia maji hata isipoyachukua, basi kila uvujaji ni faida ya mwekezaji na deni lako.

Msimamo wetu ni huu. Mkataba wowote wa maji uanze kwa kuziba mabomba kabla ya kununua maji mapya. Useme ni ploti ngapi za mitaa duni zitaunganishwa, kufikia mwaka gani, na adhabu ni ipi zisipounganishwa. Useme nani anabeba hasara mvua ikikosa kunyesha. Usiseme habari za maji ukaacha za vyoo. Na utolewe hadharani wote, kurasa zote, kabla haujatiwa sahihi.

Usiseme hayo ni mambo ya wazee na mawakili. Mwaka 2024 ni vijana waliosambaza habari za mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa ndege wa JKIA, wakauchambua mitandaoni ukurasa kwa ukurasa. Mnamo Novemba 21 mwaka huo, Rais Ruto aliufutilia mbali. Wengi wetu hatujawahi kupanda ndege. Maji tunayanywa kila siku. Ikiwa tulipata muda wa kusoma kuhusu uwanja wa ndege, muda wa kusoma kuhusu mfereji hatuwezi kuukosa.

Na silaha ipo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa kiwango kinachofaa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zile zilizo kwa mtu mwingine ikiwa unazihitaji kulinda haki yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi lako. Huhitaji wakili. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tafadhali nipeni nakala ya mkataba wa maji mnaojadili na mwekezaji, na kiwango cha maji kinachopotea katika mtaa wangu.

Iandike wiki hii. Wenzako watano wa ploti waitie sahihi, kisha uipeleke kwenye ofisi za kaunti na uhakikishe imegongwa muhuri wa siku ilipopokelewa. Wakikaa kimya siku 21 zikapita, mna sababu ya kwenda kwa Tume ya Kupokea Malalamishi ya Umma. Mkingoja mpaka mkataba utiwe sahihi, mtasomewa bei tu.