Machela ya Kwanza kwa Safari ya Wajir



Kwa wengi wetu wa pwani, neno machela humleta akilini mgonjwa aliyebebwa mbiombio kupelekwa hospitalini. Machela ninayoizungumzia leo ni ya mtu mwenye afya: kitanda cha kitambaa au cha wavu, kilichofungwa kamba ncha zote mbili na kutundikwa kati ya miti miwili, mtu akajilaza humo akaning'inia. Wahispania waliwakuta wenyeji wa visiwa vya Karibi wakilala hivyo mwaka 1492. Mabaharia wakaichukua, ikawa kitanda cha melini, na leo vijana wetu wanaiuza ikiwa imekunjwa ndani ya kifuko kidogo kama mkate.

Likizo inakaribia, na familia kadhaa zenye jamaa huko Wajir zinajiandaa kwa safari. Akina mama zaidi ya mmoja wameniuliza kama inafaa kumnunulia kila mtoto machela yake ili akalale nje, chini ya nyota. Kwa kuwa nami nina wakwe huko na njia hiyo naipita mara kwa mara, nimeona nijibu hapa, kwa faida ya wote. Machela inafaa. Lakini muuzaji huanza na rangi ya kitambaa, ilhali anayekwenda Wajir inampasa aanze na mti, kisha chandarua, kisha kamba. Kitambaa ni cha mwisho.

Machela hutaka miti miwili iliyoachana mita 4 hadi 5, iliyo hai, yenye shina nene, isiyotikisika ukiisukuma kwa nguvu zako zote. Huku kwetu hilo halisumbui, ingawa mwenye akili hatundiki machela chini ya mnazi uliobeba nazi. Hata Garissa, kandokando ya Mto Tana, mtu hupata miti mikubwa yenye kivuli. Ukiuacha Tana ukaelekea kaskazini, ukapita Modogashe na Habaswein, nchi hubadilika. Mto Ewaso Ng'iro wenyewe humezwa na kinamasi cha Lorian, na kutoka hapo watu na mifugo huishi kwa visima. Miti ni migunga na vichaka vya miiba. Mingi ni mifupi, matawi yake yameanzia chini, na ule mmoja mnene utakaoupata mwenzake yuko hatua mia mbali.

Tena mti wa Wajir una wenyewe. Ndio kivuli cha mifugo mchana, na majani na matunda yake ni chakula cha ngamia na mbuzi wakati wa kiangazi. Kamba nyembamba hulichubua gome, na mti uliochubuliwa gome kuizunguka shina yote hufa. Kwa hiyo mgeni aombe idhini kwanza, na afungie mkanda mpana, wa vidole viwili au zaidi, mahali pa kamba tupu. Kukata tawi ili upate nafasi ya kitanda chako ni jambo ambalo sidhani mwenyeji wako atalisahau upesi.

Wenyeji hao wamelala nyikani vizazi kwa vizazi pasi na kutundika chochote mtini. Nyumba yao ya kuhama, ambayo Wasomali huiita aqal, ni fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka, na wanaoisuka, kuisimamisha, kuibomoa na kuifunga juu ya ngamia ni wanawake. Mwanamume anayejivunia ujuzi wa kupiga kambi na akae pembeni amtazame bibi wa Kisomali akiisimamisha nyumba nzima kabla jua halijazama. Vifaa vyake havimtegemei mti, na hilo ndilo la kumwiga. Ushauri wangu kwa familia ni hivi: chukueni machela moja, au mbili mkiwa wengi, za kupumzikia mchana mkipata miti, lakini kwa usiku kila mtu awe na mkeka na godoro jembamba, au kitanda cha kukunja, na juu yake chandarua. Fedha mlizotaka kununulia machela ya tano na ya sita ziende kwenye vyandarua.

Hapa kwenye chandarua naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari.

Wajir si nchi ya mbu kila siku, na ndiyo maana watu hujisahau. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 zilifuatwa na mripuko wa malaria mwanzoni mwa 1998, na watu wengi walikufa, kwa kuwa miili ya watu wa nchi kavu haikuwa imeizoea. Sisi wa pwani tunaujua ugonjwa huo kwa jina na kwa sura. Usiotambulika kwetu ni kala-azar, ambao umeripuka Wajir zaidi ya mara moja katika miaka hii ya karibuni, ikiwemo 2008 na 2017. Huambukizwa na usubi, mdudu wa milimita 2 au 3 tu, asiye na mlio wa mbu wa kukuamsha. Hutoka jioni na huuma usiku. Mchana hujificha penye ubaridi na unyevu: ndani ya nyufa za udongo, mashimo ya wanyama, na hasa vichuguu vya mchwa. Basi ukiona miti miwili mizuri, imeachana vyema, na kati yake kimesimama kichuguu, ipite. Watoto hukipenda kichuguu kwa kukipanda na kuchungulia matundu yake, wakatazwe.

Kwa udogo wake, usubi aweza kupenya tundu ambalo mbu hapenyi. Chandarua cha mapambo chenye matundu mapana hakimzuii. Takeni kilichotiwa dawa na chenye matundu madogo kabisa, na kiwe kirefu cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Wanaouza machela huwa nazo zilizoshonwa chandarua juu yake kwa zipu. Hizo ni nzuri kwa upande wa juu, ila upande wa chini mwili huigusa nguo ya machela, na mdudu huuma kupitia kitambaa chembamba. Aliyekusudia kulala usiku ndani ya machela atandike shuka nzito au blanketi chini yake. Blanketi hilo lina faida ya pili: Wajir ni nchi ya joto, lakini katika miezi ya kusi upepo hupita chini ya machela usiku kucha, na mtu huamka alfajiri mgongo umeganda.

Mkisharudi nyumbani, yeyote atakayepata homa isiyokatika kwa majuma, tumbo likajaa upande wa kushoto na mwili ukapungua, mwambieni daktari waziwazi kwamba alilala Wajir. Dalili zaweza kuja miezi kadhaa baada ya safari, wakati hakuna tena anayeikumbuka, na daktari wa pwani kwa desturi atawaza malaria kwanza. Kipimo kipo na dawa zipo. Ukiachwa bila tiba, ugonjwa huu huua.

Sasa kamba. Vijana wengi huivuta machela mpaka ikanyooka kama uzi wa fundi mwashi, wakidhani ndiyo uimara. Ni kinyume chake. Kamba ikishuka kutoka mtini kwa nyuzi 30 hivi, kila upande hubeba mzigo ulio sawa na uzito wa mtu aliyelala. Ukiivuta ikabaki nyuzi 10 tu, mtu wa kilo 70 huufanya kila upande ubebe kilo 200 hivi. Na kwa nyuzi 5 ni kama kilo 400. Hapo fundo hufyatuka, kulabu hupinda, au mti hung'oka. Kwa kipimo cha mkono, tanua kidole gumba na cha shahada kama bastola, gumba likitazama juu na shahada ikitazama kando. Kamba ipite karibu na ncha za vidole vyote viwili. Machela ilegee, izame katikati, na mtu akikaa iwe kimo cha kiti cha kawaida. Anayeitundika juu ili aonekane hodari ataanguka kutoka juu.

Kumefika habari za watu kufunga upande mmoja kwenye nguzo ya tofali au ukuta wa ua pale mti wa pili unapokosekana. Jambo hili nalikataza nyumbani kwangu. Nguzo iliyojengwa ibebe uzito kutoka juu haikujengwa ivutwe kutoka kando, na ikianguka humwangukia aliyelala.

Kitambaa kwa kweli hakina maneno mengi. Urefu wake uwe mita 3 au zaidi, na upana uwe wa kumwezesha mtu kulala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, kwani hivyo mgongo hunyooka; anayelala kufuata mstari wa kamba huamka amepinda kama ndizi. Pamba ni laini lakini ni nzito na hukawia kukauka. Nailoni hukauka upesi. Zile zenye mti uliotanuliwa kila ncha zinapendeza katika picha za mahoteli, na humpindua mtu kwa urahisi kuliko nyingine zote. Mkienda miezi ya mvua, Machi hadi Mei au Oktoba hadi Disemba, ongezeni turubai. Ifungwe kwanza, kabla ya machela, na mgongo wake uelekee kule unakotoka upepo. Wakati wa kusi, upande uliokingwa huwa ni wa kaskazini, na kwa Wajir, kama ilivyo Mombasa, kibla ni karibu kaskazini tupu. Mkeka wa sala utandikwe hapohapo kwenye kivuli.

Dada zangu wameniuliza pia kuhusu sitara. Machela humshika mtu umbo, na kuingia kwake kwataka kukaa kwanza katikati, kisha kuigeuza miguu. Mwenye dera refu au buibui akifanya haraka nguo humkamata. Ikitundikwa chini, kama nilivyoeleza, taabu hiyo hupungua. Kamba ya pili ifungwe juu yake na leso tatu au nne zining'inizwe pande zote, pakawa chumba. Mahali pawe nyuma ya nyumba ya wenyeji, upande wa wanawake, mbali na njia ya kwenda kisimani. Wala asiwaze mtu kupiga kambi peke yake porini kando ya barabara. Hali ya usalama ya eneo hilo haimruhusu mgeni kufanya hivyo, na hata pasipokuwa na hofu ya watu, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha wasafiri wajiepushe na njia wanapotua usiku, kwa kuwa wanyama na wadudu hupita humo. Ombeni nafasi ndani ya boma la jamaa zenu, na muwaulize ni wapi ngamia hulala, kisha kaeni mbali napo.

Mtoto mchanga asilazwe ndani ya machela hata kwa dakika tano. Kitambaa humkunja kidevu kikagusa kifua, na pumzi yake huziba kimya bila kulia. Najua bibi zetu waliwabembeza watoto kwa leso iliyofungwa, nao walikuwa wamekaa pale pale, mkono kwenye kamba, macho kwa mtoto. Hilo si sawa na kumwacha usiku. Wadogo walio chini ya miaka sita walale chini, karibu na mama. Walio wakubwa wacheze mchana mzima wakiangaliwa, mmoja mmoja, pasiwe na jiwe wala kisiki chini, na wasijizungushe ndani yake, maana kamba inayojisokota hutafuta shingo. Jua likishuka waitwe ndani, kama tulivyofundishwa kuwakusanya watoto wakati wa magharibi. Ndiyo saa ambayo usubi naye huanza kutoka.

Kabla ya safari, itundikeni mara moja uani kwenu, godoro likiwa chini yake, na mtu mzito kuliko wote nyumbani ndiye akae kwanza. Kikifyatuka kitu, kifyatukie hapo.

Na usiku wa kwanza Wajir, kila mmoja akung'ute malazi yake kabla ya kulala, kama ilivyo sunna, kisha amulike kwa tochi pembe za godoro na mikunjo ya machela, kwani nge hupenda mahali penye giza na joto. Chandarua kichomekwe kabla ya isha, si wakati wa usingizi. Viatu visiachwe mchangani: vitiwe ndani ya mfuko ufungwe, au vitundikwe kwenye kamba, na asubuhi vikung'utwe kabla mguu haujaingia.