Haki kwa Mkulima, Huruma kwa Mnyama

Sisi tunaoishi katika wilaya za Tarime na Serengeti hatuwezi kunena juu ya haki na amani tukawasahau wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni jirani yetu, na mnyama hasomi ramani. Tembo huingia katika shamba la mtama, nyani katika bustani ya shule, chatu katika ghala, fisi katika uwanja wa zahanati. Mkristo akutwaye na mgeni huyo mahali pake pa kazi afanye nini?

Jibu la haraka ni mawe, mishale na moto. Hasira hiyo ina sababu. Mkulima aliyelima kwa jembe la mkono msimu mzima, akaamka na kukuta ekari mbili zimelala chini, ana uchungu wa haki. Hata hivyo uchungu wa haki hauhalalishi ukatili. Tena mara nyingi anayeteswa si yule aliyeharibu shamba. Tumbili hufungwa kamba kiunoni na kufanywa mchezo wa watoto. Chatu aliyeshiba, asiyeweza hata kukimbia, hupondwa mawe huku watu wakishangilia. Kakakuona huzungushwa ofisi hata ofisi ili atabiri mvua au njaa. Hawa wamemkosea nani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2418, inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Tena haifai kuwatumilia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Tusichukue nusu ya fundisho na kuacha nusu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990, aliunganisha amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote. Wazee wetu pia walilijua jambo hili kwa namna yao: koo za Wakurya zina wanyama walio alama zao, kama chui, tembo na pundamilia, wanaostahili heshima.

Lakini huruma isiyo na haki haidumu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000 hivi, hasa kwa ujangili. Baadaye idadi ikaanza kupanda tena. Tufurahi, ila gharama ya furaha hiyo isibebwe na mwanakijiji wa mpakani peke yake. Kanuni za mwaka 2011 zilikiita kinacholipwa kwa mazao kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kufiwa kifuta machozi, hazikukiita fidia. Kwa mazao ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kwa kufuata umbali, na aliyelima karibu zaidi na hifadhi alipata kidogo zaidi. Jasho la mtu halifutwi hivyo. Viongozi wa walei wana wajibu wa kulisema hili katika mikutano ya vijiji na mbele ya madiwani na wabunge.

Wakati huo huo, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Kila shule, zahanati, karakana na kambi ya kazi iwe na mtu mmoja anayejulikana wa kumpasha habari afisa wanyamapori wa wilaya au askari wa wanyamapori wa kijiji. Mnyama akionekana, watoto waondolewe kwanza, watu wasimzingire, aachiwe njia ya kutokea. Anayemkimbilia nyoka kwa fimbo anayafuata meno yake. Shambani, mizinga ya nyuki na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu zimesaidia kuwazuia tembo katika sehemu za Kenya na Tanzania. Hasara iandikwe mapema, mbele ya mashahidi. Pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, sheria inamruhusu kujikinga. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimpi nyama wala pembe.

Tuyajadili haya katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Aliyepewa kuitawala dunia amepewa pia kuitolea hesabu: hesabu ya mnyama aliyeteswa bure, na hesabu ya jirani aliyelala njaa tukanyamaza.