Hesabu ya Mkopo Kabla ya Kofia ya Mgodini



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalozikosesha usingizi nyumba nyingi za huku kwetu Shinyanga na Geita: mwana amemaliza shule na anataka kusomea uhandisi wa umeme. Mama akiona magari ya mgodi yakipita na vijana waliovaa kofia ngumu, moyo wake husema, "Na wa kwangu siku moja." Hiyo si tamaa mbaya. Lakini mara nyingi tunahesabu mshahara na kusahau deni. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Wengi bado wanadhani pesa za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni zawadi ya serikali. La, ni mkopo. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato ya aliyeajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Nafuu ilikuja Mei Mosi ya 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza jijini Mwanza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka ili kulinda thamani ya mkopo. Deni halivimbi tena kama zamani, lakini lipo.

Tuchukue kalamu. Tuseme mwanao amekopa shilingi 12,000,000 kwa masomo yote, kisha ameanza kazi kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kila mwezi Bodi itachukua 120,000. Atalipa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Katika miaka hiyo atapanga nyumba, ataoa au kuolewa, atapata watoto, nawe mama utamwomba ada ya wadogo zake. Akituma kidogo, usimwite mchoyo. Muulize kwanza kinachobaki mkononi.

Tena, mgodi si shamba la urithi. Buzwagi pale Kahama ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa 2021. Bulyanhulu ulipunguza shughuli zake mwaka 2017, na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Mgodi ukifungwa, deni la masomo halifungwi.

Linaloniumiza zaidi ni deni la mama mwenyewe. Mkopo wa Bodi usipotosha, mama huenda kimyakimya kwa wakopeshaji wa kausha damu bila baba kujua. Kliniki tunawapokea kina mama wa namna hii: presha iko juu, usingizi hakuna, na vidonge peke yake havitoshi, maana kila jioni mwenye deni yuko mlangoni. Mama mpendwa, usiubebe mzigo huo kwa siri. Mweleze mumeo, na kwenye kikundi chenu cha kina mama mweke akiba ya ada mapema.

Basi tufanye nini? Kwanza, baba, mama na mwana wakae pamoja kabla fomu haijajazwa, kwa kuwa mara nyingi mzazi ndiye anayetia sahihi kama mdhamini.

Pili, tusiidharau njia ya ngazi. Aliyefaulu kidato cha nne kwa alama zinazotakiwa aweza kuanza stashahada ya umeme DIT, Mbeya au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha akasomea shahada baadaye. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada. Na VETA si chuo cha walioshindwa.

Tatu, ajifunze kazi ya mikono hata akiwa na shahada. Anayejua kuwaindi mota ya karasha kule Nyarugusu, au ya mashine ya kukoboa mpunga Kahama, hakai bure akingoja barua ya mgodi. Akitaka kufunga umeme majumbani, atafute leseni ya EWURA.

Bwana Yesu alitupa mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka sura ya 14. Jioni moja msomeni pamoja na watoto wenu, kisha mfungue daftari mpige hesabu ya nyumba yenu. Mungu awape hekima.