Dola Tano za Bwana Ford

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema habari za vyombo vya baharini, lakini maneno yao yanafaa pia kwa motokaa. Kila asubuhi mfanyakazi wa mjini hupishana na magari ya kila namna, naye hujua ni la nani na lina thamani gani. Ni wachache wanaojiuliza ni mikono ya nani iliyoliunda, ililipwa ujira gani, na jioni mwenye mikono hiyo alirudi kwa mkewe na watoto wake akiwa katika hali gani.

Leo tuyatafute majibu katika historia ya kampuni ya Ford ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna jambo linalozihusu nyumba zetu: tajiri aliyewapa wafanyakazi wake ujira mnono kupita matajiri wenzake, kisha akadai aruhusiwe kuchungulia vyumbani mwao.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland. Kijana Henry hakuvutiwa na jembe. Alivutiwa na mashine. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, aliacha shamba akaenda Detroit kujifunza kazi za karakana. Mwaka 1896, akiwa mhandisi wa kampuni ya umeme mjini humo, alimaliza kuunda gari lake la kwanza bandani, nyuma ya nyumba aliyokuwa amepanga. Gari lilipokuwa tayari, likaonekana ni pana kuliko mlango! Ilimbidi atwae shoka auvunje ukuta wa matofali ndipo lipate kutoka.

Kampuni yake ya kwanza, iliyoanza mwaka 1899, ilikufa upesi. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutoelewana na wenye fedha. Hao waliobaki ndio walioigeuza kuwa kampuni ya Cadillac. Hatimaye, tarehe 16 Juni, 1903, kampuni ya Ford tunayoijua ikaandikishwa, ikiwa na fedha taslimu dola 28,000 tu zilizotolewa na wanahisa wachache.

Wakati huo motokaa ilikuwa chombo cha anasa cha matajiri. Ford alishikilia kwamba lazima lipatikane gari ambalo mkulima na mfanyakazi wataweza kulinunua. Mwezi Oktoba, 1908, likatokea gari la Model T, jepesi, imara, lenye tumbo lililoinuka juu ili lipite katika barabara mbovu za mashambani. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 850. Watu walilililia, na kiwanda hakikuweza kuyatengeneza upesi kama yalivyotakiwa.

Hapo ndipo, mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kampuni ilipoleta badiliko lililogeuza viwanda vya dunia nzima. Zamani gari lilisimama mahali pamoja, nao mafundi walilizunguka wakilijenga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa mafundi ndio waliosimama, na gari likawa linapita mbele yao. Fikra hiyo kwa sehemu ilitoka katika machinjio ya Chicago, ambako mzoga ulioning'inizwa ulipita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande chake. Chesisi iliyokuwa ikihitaji saa 12 na nusu kuunganishwa, sasa ikawa inakamilika kwa saa 1 na dakika 33.

Kwa mwenye mali hayo yalikuwa maajabu. Lakini tumtazame mwenye spana. Jana alikuwa fundi anayejua gari zima, mtu wa kusifiwa mtaani. Leo kazi yake ni kukaza nati moja, hiyo hiyo, tangu kengele ya asubuhi hadi kengele ya jioni, kwa mwendo ambao si yeye aliyeupanga. Wafanyakazi hawakuhutubia mtu yeyote. Walitoa jibu lao kwa miguu. Waliondoka! Katika mwaka 1913, ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000 kiwandani, kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000. Wengine hawakumaliza hata juma.

Hii ndiyo sababu, ndugu msomaji, ya tangazo la tarehe 5 Januari, 1914, ambalo magazeti ya siku zile yalilipigia tarumbeta kama muujiza wa huruma. Kampuni ilitangaza kwamba mfanyakazi atapata dola 5 kwa siku, hali ujira wa kawaida ulikuwa kiasi cha dola 2 na senti 34. Saa za kazi nazo zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Maelfu ya watu walimiminika Detroit katikati ya kipupwe kikali, wakajazana langoni wakiomba kazi. Baada ya siku chache, msongamano ulipozidi, walimwagiwa maji kwa mipira ya zimamoto, nguo zao zikagandia mwilini kwa baridi. Habari za dola 5 zilienea duniani. Habari za maji yale hazikufika mbali.

Tena dola 5 hizo hazikuwa mshahara wote. Karibu nusu iliitwa fungu la faida, na ilitolewa kwa masharti. Kampuni iliunda idara maalumu ya kuchunguza maisha ya wafanyakazi. Wakaguzi wake walipiga hodi majumbani wakiwa na karatasi za maswali. Je, bwana anakunywa pombe? Ana akiba benki? Ana deni? Nyumba ni safi? Wamepangisha chumba kwa wageni? Mke na mume wamefunga ndoa halali? Waliwauliza hata majirani. Aliyeonekana kuwa na kasoro alinyimwa fungu lile mpaka ajirekebishe, na asiyejirekebisha alifukuzwa. Wanawake waliokuwa na kazi kiwandani hawakuhesabiwa katika mpango huo hapo mwanzo, isipokuwa waliokuwa na watu wa kuwalisha; wengine walisubiri hadi mwaka 1916.

Wahamiaji walipelekwa katika shule ya Kiingereza ya kampuni. Siku ya kumaliza masomo walifanyiwa mchezo wa ajabu. Jukwaani kuliwekwa chungu kikubwa. Wanafunzi waliingia humo wakiwa wamevaa mavazi ya makwao, wakatokea upande wa pili wakiwa na suti na bendera za Marekani. Tajiri hakutosheka kununua nguvu za mtu kwa saa 8. Alitaka kumnunua mtu mwenyewe, pamoja na lugha yake na desturi zake.

Mama msomaji, hebu fikiri. Uko jikoni, watoto wamekuzunguka, mara hodi: mtu wa kiwandani amekuja kutazama kama umefagia, naye ndiye atakayeamua kama mumeo ataleta dola 5 au nusu yake. Utamkatalia? Utamwambia arudi alikotoka? Utamkaribisha kiti, nawe moyoni unaungua. Hapo ndipo tunapoona kwamba ujira unaotolewa kwa hisani huja na kamba, na mwenye kushika kamba huvuta apendapo.

Tusiwe waonevu lakini. Dola 5 zilikuwa fedha za kweli. Zilinunua maziwa ya watoto, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi chumba kimoja zilipata nyumba. Watu wakaacha kuhama, kazi ikaenda upesi zaidi, na faida ya kampuni ikaongezeka badala ya kupungua. Bei ya gari ikashuka hadi dola 360 mwaka 1916, na mwaka 1925 aina iliyokuwa rahisi kuliko zote iliuzwa kwa dola 260. Mwezi Mei, 1927, Model T la milioni 15 lilitoka kiwandani. Mwaka 1926 kampuni ilikuwa imekwisha kuanzisha juma la kazi la siku 5. Mambo hayo hayafutiki. Swali letu ni hili: mfanyakazi alikuwa na sauti gani katika hayo yote? Hakuwa na sauti. Alichopewa kwa amri ya mtu mmoja, kiliweza kuondolewa kwa amri ya mtu huyo huyo.

Na ndivyo ilivyotokea. Miaka ya 1920 idara ile ya wakaguzi ilikufa. Shughuli zilihamia katika kiwanda kikubwa zaidi cha River Rouge, ambako madini ya chuma yaliingia upande mmoja na motokaa zikatoka upande mwingine. Badala ya wakaguzi wenye karatasi wakaja walinzi wenye ngumi, wakiongozwa na Harry Bennett. Wafanyakazi walipelelezwa hata wakati wa chakula. Wamarekani weusi walipata kazi kwa Ford kwa wingi kuliko katika viwanda vingine vya magari, lakini wengi wao walisukumwa kwenye matanuri ya kusubu chuma, mahali penye joto na hatari kuliko pote. Ford mwenyewe, kwa gazeti lake la Dearborn Independent, alieneza chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1927 alipolazimika kuomba radhi. Mtu anaweza kuwa hodari wa mashine akawa kipofu wa utu.

Uchumi ulipoanguka baada ya mwaka 1929, maelfu walifukuzwa kazi. Tarehe 7 Machi, 1932, wasio na kazi waliandamana hadi River Rouge wakidai kazi. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne walikufa siku hiyo, na wa tano alifariki baadaye. Tarehe 26 Mei, 1937, viongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, akiwamo Walter Reuther, walifika kwenye daraja la lango la kiwanda ili wagawe karatasi za chama, jambo lililoruhusiwa na sheria. Walinzi waliwavamia, wakawapiga mateke, wakawabwaga ngazini. Wanawake waliokuja kugawa karatasi nao walishambuliwa. Walinzi walijaribu kunyang'anya picha zilizopigwa, lakini mpiga picha mmoja alizificha zake chini ya kiti cha gari, akawakabidhi zisizo na kitu. Picha hizo zilipochapishwa, dunia ikaona kwa macho yake.

Hata hivyo Ford alikataa kata kata kuzungumza na chama. Kampuni nyingine mbili kubwa, General Motors na Chrysler, zilikuwa zimekwisha kutia sahihi mwaka 1937. Yeye alingoja hadi Aprili, 1941, wafanyakazi wa River Rouge walipoweka chini vyombo na kiwanda kikasimama. Mwezi Juni mwaka huo alikubali mkataba mzuri kuliko walioupata wenzao katika kampuni nyingine. Charles Sorensen, msaidizi wake wa miaka mingi, ameandika kwamba Ford alimweleza kuwa mkewe, Clara, ndiye aliyemgeuza: alimwambia amechoka na umwagaji wa damu, na kwamba asipotia sahihi ataondoka nyumbani. Mtu aliyepeleka wakaguzi katika nyumba za wengine, nyumba yake mwenyewe ndiyo iliyomkagua!

Henry Ford alifariki tarehe 7 Aprili, 1947. Usiku huo mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika, basi mtu aliyewahi kuwa mhandisi wa umeme akaaga dunia kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta. Kampuni ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, tangu mwaka 1945.

Lakini mapambano hayakuishia hapo. Mwaka 1968, katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, wanawake 187 walioshona vitambaa vya viti vya magari waligoma, kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa si ya ufundi na walilipwa pungufu ya wanaume. Bila viti gari haliuziki, basi kiwanda kikasimama. Mgomo wao ulisaidia kuzaliwa kwa sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970. Kuhesabiwa kuwa mafundi, waliendelea kukudai hadi mwaka 1984 walipokupata. Na mwaka 2023, miaka 109 baada ya zile dola 5, wafanyakazi wa Ford, General Motors na kampuni iliyoirithi Chrysler waligoma kwa pamoja. Ford ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupatana nao, kwa nyongeza ya asilimia 25 itakayotolewa kidogo kidogo hadi mwaka 2028. Safari hii hakuna aliyepiga hodi kuuliza kama nyumba zimefagiliwa.

Ndugu msomaji, tofauti ya dola 5 za mwaka 1914 na nyongeza ya mwaka 2023 haimo katika hesabu ya fedha. Za kwanza zilishuka kutoka juu kama sadaka, nazo ziliambatana na mkaguzi. Za pili zilipatikana mezani, watu wakitazamana usoni. Kwa hiyo leo jioni, mtakapokuwa mmekaa kula, baba na mama waelezeni watoto kazi mnayoifanya, na mkataba wenu wa kazi unasema nini. Kama hamjausoma, usomeni. Mshahara ni jasho lako mwenyewe linalorudi nyumbani, na mlango wa nyumba hiyo ufunguo wake ukae mfukoni mwako.

Tuonane Jumapili ijayo.