Kihamba Si Mlinzi wa Mzee

Kupigwa na kutelekezwa kwa wazee, kwa imani iliyoenea Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na Uchaggani kote, ni balaa la Wazungu wanaowapeleka wazazi wao katika nyumba za kulelea wazee. Mzee wa Kichagga ana kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ana migomba na kahawa, ana watoto. Kukiwa na tatizo, ukoo utakaa. Mwanasheria wa nini? Imani hiyo ni ya uongo, na uongo huo una wanaofaidika nao.

Makazi ya wazee ya serikali, kama yale ya Njoro mjini Moshi, huchukua wachache wasio na wa kuwatunza. Waliobaki wote huzeekea nyumbani, na mateso huwafuata humo humo. Bibi asiyeona hufungiwa ndani kutwa na binti wa kazi ambaye hakuna aliyemfundisha kumgeuza mgonjwa. Fedha za matunzo kutoka Dar es Salaam huingia katika simu ya mtu mwingine. Dawa za presha huisha, asionekane wa kununua nyingine. Dole gumba la babu hukutwa kwenye karatasi ya mauziano ya shamba la porini ambalo hakumbuki kuliuza. Desemba wana na wajukuu hupanda mlimani, mbuzi huchinjwa, babu huogeshwa na kuvishwa koti, picha hupigwa. Januari mabasi hushuka.

Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya baba na kihamba chake, naye huwatunza wazazi. Mpango huo ulifaa siku ambazo ardhi ilitosha na kaka zake walikaa ng'ambo ya migomba, wakiona na kusikia kila kitu. Siku hizi vihamba vimegawanywa hadi kuwa vipande, kaka wako Arusha na Dar es Salaam, na mlezi ndiye anayefaidika mzee akifa mapema. Nyumba ya wazee inayoendeshwa na mtu anayesubiri kurithi vitanda ingefungwa siku hiyo hiyo. Kihamba hakina mkaguzi.

Ukoo nao hukaa kweli, ila hukaa kusuluhisha. Isale, jani la mmea unaopandwa mpakani, ndilo hutumika kuomba msamaha, na kumkatalia aliyelileta ni aibu kubwa. Kati ya majirani waliogombania mpaka, ni desturi yenye hekima. Kijana aliyempiga mama yake akileta isale, kikao hufungwa na mama hurudishwa katika nyumba ile ile, kwa mtu yule yule.

Wanaodai kwamba sheria ni kitu cha kigeni katika jambo hili wasome kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963. Humo mwenye mali anaruhusiwa kumnyima urithi, kwa wosia, mrithi aliyemtelekeza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya maana. Yaani mila yenyewe, ilipoandikwa, ilikubali kwamba watoto hutelekeza wazazi. Lakini kanuni hizo hizo zilimnyima mjane sehemu ya mali ya mumewe kwa hoja kwamba watoto watamtunza kama alivyowatunza: imani ile ile, ikageuzwa amri. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mahakamani, wakashindwa, wakafika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao.

Katiba, ibara ya 11, inataja haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, lakini ibara ya 7 inazuia mahakama kuitilia nguvu sehemu hiyo. Zanzibar ilitunga sheria ya wazee mwaka 2020, huku Bara ikiwa imeanza na sera tangu 2003. Hata hivyo, kipigo ni kosa la jinai awe amepigwa nani: polisi hutoa fomu ya PF3, daktari huijaza, na isale haliifuti. Mauziano ya hila hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali, mbali na kabati la nyumbani ambalo ufunguo wake anao mlezi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo, na mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake tangu 1987. Kikwazo ni mteremko. Mzee asiyeweza kutembea hafiki mjini mpaka achukuliwe, na wa kumchukua, wa kumlipia nauli, hata wa kumshikia simu, mara nyingi ni yule yule anayepaswa kushtakiwa. Msaidizi wa kisheria anayesubiri ofisini atawahudumia wazee wenye miguu tu. Inabidi apande, na akifika aombe kuzungumza na mzee wakiwa wawili peke yao.